Kinu kilipozimika Chalk River: tezi ya kwapani na dawa inayokufa njiani

Alhamisi tarehe 14 Mei 2009 umeme ulikatika katika maeneo ya mashariki ya Ontario na magharibi ya Quebec, nchini Kanada. Huko Chalk River, kando ya mto Ottawa, kinu cha nyuklia kilichoitwa NRU kilijizima chenyewe, kama kilivyoundwa kufanya umeme unapopotea. Kesho yake, mafundi wakijiandaa kukiwasha, waligundua kwamba maji mazito, yaani maji maalumu yanayotumika ndani ya kinu, yanavuja sehemu ya chini ya tangi la kinu. Ukuta wa tangi hilo, uliotengenezwa kwa alumini, ulikuwa umeliwa na kutu. Kinu hakikurudi kazini mpaka tarehe 17 Agosti 2010, yaani miezi 15 baadaye.

Kisa hiki kimeandikwa sana kama kisa cha viwanda na siasa. Mimi nataka kukisoma kutoka mahali pengine: kwenye kwapa la mwanamke mwenye saratani ya titi, asubuhi ya upasuaji wake. Kinu kile kilikuwa kinatoa kiasi cha theluthi moja au zaidi ya molibdenamu-99 iliyotumika hospitalini duniani kote. Molibdenamu ndiyo huzaa teknetiamu-99m, dawa yenye mionzi inayochomwa kwenye titi ili daktari wa upasuaji aweze kuipata tezi moja tu, badala ya kufagia kwapa zima. Kinu kikizimika Kanada, kuna mama mahali fulani ambaye mkono wake unaingia hatarini bila yeye kujua.

Kwa nini tezi moja

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi alitolewa pia tezi za limfu za kwapani, zile ambazo zikivimba watu wengi huziita mitoki. Zilitolewa kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Sababu ilikuwa nzuri: saratani ya titi inapoanza kusafiri, mara nyingi hupitia kwapani kwanza, na bila kuzikata tezi na kuzitazama kwenye hadubini hakuna aliyejua kama imefika huko. Lakini wanawake wengi walikutwa na tezi safi kabisa. Walikuwa wamelipa gharama yote kwa kujibiwa swali tu.

Gharama yenyewe ni ya kudumu. Tezi zikiondolewa, maji ya limfu hukosa njia ya kurudi, na mkono huvimba. Wengine huvimba kidogo, wengine hadi pete haivuki kidole na mkono wa gauni haupiti. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono hufa ganzi. Bega hukaza. Mtu ambaye kazi yake ni kufua, kukanda unga, kulima, kubeba ndoo au mtoto, akipoteza mkono wa kulia amepoteza kazi. Hilo halionekani kwenye takwimu za uhai, kwa kuwa mama yu hai. Ndiyo maana nalisema mwanzoni.

Wazo lililobadilisha mambo ni rahisi kulieleza. Maji ya limfu kutoka kwenye titi hayamwagiki kwapani kokote tu. Hufika kwanza kwenye tezi moja au chache, ndipo yakaendelea kwa nyingine. Tezi hiyo ya kwanza ni mlinzi wa lango. Mlinzi akiwa hajaguswa, waliolala ndani karibu kila mara wako salama. Ukiipata tezi mlinzi, ukaikuta safi, unaliacha kwapa.

Tatizo ni kuipata. Kwapa ni mafuta, mishipa ya damu na ya fahamu, na tezi ndogo kama maharage zinazofanana. Mwaka 1993 David Krag na wenzake wa Vermont, Marekani, walichapisha jaribio la wanawake 22 tu. Walichoma dawa yenye teknetiamu kuzunguka uvimbe, wakapitisha juu ya kwapa kifaa cha mkononi kinachosikia miale ya gama, wakakata pale sauti ilipopanda. Waliipata tezi mlinzi kwa wanawake 18, na kwa wote 18 tezi ile ilisema kweli kuhusu kwapa zima. Saba kati yao walikuwa na saratani kwapani. Kwa watatu kati ya hao saba, saratani ilikuwa kwenye tezi mlinzi peke yake.

Mwaka 1998 timu hiyohiyo ilileta hesabu kubwa zaidi: wanawake 443, madaktari 11 wa upasuaji. Mahali penye mionzi palipatikana kwa asilimia 93. Wanawake 114 walikuwa na saratani kwapani, na njia hii iliikosa kwa 13. Ndani ya hesabu hiyo kuna namba nyingine ambayo naona ndiyo yenye uzito kuliko zote: kiwango cha kukosea kilitofautiana kati ya daktari na daktari, kutoka sifuri hadi karibu asilimia 29. Dawa ilikuwa moja na kifaa cha aina moja, lakini mikono tofauti. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba teknetiamu inafanya kazi yenyewe. Inampa daktari sikio, na sikio linahitaji mazoezi.

Baadaye ushahidi ulikamilika. Utafiti wa ALMANAC wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha wanawake 1,031, ulitumia teknetiamu pamoja na rangi ya bluu. Baada ya miezi 12, wanawake waliosema mkono umevimba walikuwa asilimia 5 kwenye kundi la tezi mlinzi na 13 kwenye kundi la matibabu ya kawaida ya kwapa. Waliopoteza hisia walikuwa 11 kwa 31. Kisha utafiti wa B-32, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wanawake 5,611, ulionyesha kwamba wenye tezi mlinzi safi walioachwa na kwapa lao waliishi sawasawa na waliosafishwa kwapa zima. Matokeo hayo ya uhai yalitoka mwaka 2010, katika msimu uleule ambao hospitali zilikuwa zikihangaika kutafuta teknetiamu. Dunia ilipata uhakika kwamba njia hii ni sahihi wakati dawa yake imeadimika.

Ng'ombe ndani ya risasi

Ili kuelewa jinsi kinu kimoja kinavyoweza kuutikisa mkono wa mama aliye mbali, lazima tuifuate dawa safari yake nzima.

Ndani ya kinu, vipande vya urani hupigwa kwa nyutroni kwa siku kadhaa. Urani inapopasuka, sehemu ya mabaki yake ni molibdenamu-99. Vipande hivyo hupelekwa haraka kwenye kiwanda cha kemia, huyeyushwa, molibdenamu huchujwa, kisha hupakiwa kwenye mrija mdogo uliozungushiwa risasi nzito, yale madini yanayozuia mionzi. Chombo hicho huitwa jenereta, ingawa hakina uhusiano na umeme. Wafanyakazi wa tiba ya nyuklia hukiita ng'ombe, na jina linakifaa: kila asubuhi unapitisha maji ya chumvi ndani yake, yanatoka na teknetiamu, na molibdenamu inabaki. Baada ya saa 24 kiwele kimejaa tena.

Lakini ng'ombe huyu anakufa tangu siku aliyozaliwa. Kila saa 66 nusu ya molibdenamu imetoweka, sawa na kupungua asilimia 22 kwa siku. Na maziwa yake yanaharibika upesi zaidi: kila saa 6 nusu ya teknetiamu imekwisha. Hakuna ghala linaloweza kuhifadhi vitu hivi. Huwezi kununua ya mwaka mzima ukaweka akiba. Duka la dawa likiishiwa na panadoli, mwenye duka anaazima kwa jirani. Hapa hata jirani bidhaa yake inamfia mikononi.

Kwenye chumba cha tiba ya nyuklia, teknetiamu huchanganywa na chembe ndogo mno, za protini ya albumini kwa kawaida ya Ulaya au za salfa kwa kawaida ya Marekani. Ukubwa wa chembe ndio siri ya kazi nzima. Zikiwa ndogo mno hupita tezi mlinzi na kwenda kuwasha tezi za nyuma yake, na daktari akakata nyingi bila sababu. Zikiwa kubwa mno hubaki palepale zilipochomwa. Zile za kadiri huingia kwenye mirija ya limfu, hufika kwenye tezi ya kwanza, na humo humezwa na seli za ulinzi zikatulia. Kinachofika kwenye tezi ni sehemu ndogo sana ya kilichochomwa. Sehemu kubwa hubaki kwenye titi. Hata hivyo kinatosha. Kijiti cha kupokea miale, kimevalishwa mfuko safi, kinasogezwa juu ya kwapa, na mashine inalia kwa kasi kadiri kinavyoikaribia tezi. Tezi ikishatolewa hupimwa tena nje ya mwili, kisha kwapa husikilizwa upya. Kawaida ya wengi ni kutoa pia tezi yoyote inayolia zaidi ya asilimia 10 ya ile yenye sauti kubwa kuliko zote.

Kuhusu hofu ya mionzi, nitasema kwa ufupi kwa sababu ni hofu inayoumiza watu bure. Kiasi anachopata mama ni kidogo kuliko cha kipimo cha kawaida cha CT. Hahitaji kutengwa na watoto wake wala kulala chumba cha peke yake. Aliye mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, ili timu ipange. Mkojo unaobadilika rangi baada ya upasuaji hautokani na mionzi. Ni ile rangi ya bluu kama ilitumika.

Hesabu ambayo ingepaswa kubandikwa ukutani

Hapa ndipo kisa cha mwaka 2009 kinapokuwa somo kwa yeyote anayefanya kazi hii.

Skani ya mifupa inahitaji kati ya megabekereli (kipimo cha nguvu ya mionzi) 500 na 740 za teknetiamu. Kutafuta tezi mlinzi, kwa upasuaji wa siku hiyohiyo, kunahitaji takriban 20 hadi 40. Dozi ya skani moja ya mifupa ingeweza kuwatosha wanawake 15, hata 30. Katika matumizi makubwa ya teknetiamu hospitalini, tezi mlinzi iko miongoni mwa zinazotaka kidogo kabisa, na faida yake kwa mgonjwa ni kati ya kubwa.

Chukua jenereta iliyofika Jumatatu ikiwa na megabekereli 10,000 za molibdenamu. Wiki moja baadaye zimebaki kama 1,700, na ukikamua unapata karibu 1,500 za teknetiamu. Hizo ni skani mbili za mifupa, basi. Wiki mbili baadaye molibdenamu imebaki chini kidogo ya 300, na kwenye kichupa unapata kama 250. Kwa skani ya mifupa jenereta hiyo ni mzoga. Haifikii nusu ya dozi moja. Kwa tezi mlinzi, kwenye karatasi bado kuna wanawake sita. Kwa uhalisia, ukitoa kinachopotea wakati wa kuchanganya na wakati wa kusubiri, sema watatu au wanne.

Kuna masharti, na hayafai kurukwa. Jenereta ina tarehe yake ya mwisho, na huheshimiwa. Ujazo ni tatizo: dozi ya tezi mlinzi huchomwa kwa matone machache, kwa hiyo jenereta iliyochoka inabidi ikamuliwe kwa maji machache ili dawa isiwe nyepesi mno. Jenereta ambayo haikuguswa kwa siku kadhaa ina tatizo jingine: teknetiamu inapokufa inageuka kuwa ndugu yake asiye na faida, teknetiamu-99 inayoishi miaka zaidi ya 200,000, na huyo hugombania nafasi kwenye chembe. Ndiyo sababu maziwa ya kwanza baada ya mapumziko marefu humwagwa, na ya kesho yake ndiyo yanayotumika. Na kila mara hupimwa kama molibdenamu yenyewe imevuja pamoja na maziwa. Kiwango cha Ulaya hakiruhusu izidi sehemu moja kwa elfu. Haya yote mtu mmoja mwenye bidii na kipimo kizima anaweza kuyafanya kabla ya saa 2 asubuhi.

Hesabu ya pili inahusu ratiba, na hii ndiyo naona inasahaulika zaidi. Hospitali nyingi huchoma sindano jana yake, ili picha zipigwe kwa utulivu na upasuaji uanze mapema. Sindano ya saa 9 alasiri na upasuaji wa saa 3 asubuhi ni saa 18 katikati. Ni vipindi vitatu vya saa sita: dawa imebaki sehemu moja ya nane. Ili ibaki 19 asubuhi lazima uchome 150 jana. Ukichoma saa 1 asubuhi na kupasua saa 7 mchana, 40 inakuachia 20. Kwa kuhamisha sindano tu, dozi iliyokuwa ya mama mmoja inawatosha karibu wanne. Inachohitaji ni watu wa tiba ya nyuklia na watu wa thieta kukaa meza moja Ijumaa na kupanga wiki, na kuwaweka wagonjwa hawa Jumatatu na Jumanne ng'ombe anapokuwa na nguvu kama dozi kubwa zinatakiwa, au mwisho wa wiki kama zinatakiwa ndogo. Na orodha ya thieta ikianza, mama wa tezi mlinzi asisogezwe mpaka jioni kwa ajili ya mwingine asiye na saa ndani ya mwili wake.

Miezi 15

Mwaka 2009 karibu molibdenamu yote ya hospitali ilitoka kwenye vinu vitano: NRU ya Kanada, HFR ya Petten nchini Uholanzi, BR2 ya Ubelgiji, Osiris ya Ufaransa na SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini. Vyote vilikuwa vizee, vimejengwa miaka ya 1950 na 1960, na hakuna hata kimoja kilichojengwa kwa ajili ya biashara ya dawa. Vilikuwa vya utafiti. Hospitali zilikuja kuvitegemea baadaye, kwa bei ndogo ambayo haikulipia uzee wao.

Kanada walikuwa wameliona tatizo. Walijenga vinu viwili vipya palepale Chalk River, MAPLE 1 na MAPLE 2, ili virithi kazi ya NRU. Vilipojaribiwa, tabia yake nguvu inapopanda haikulingana na hesabu za wabunifu, na mradi ukafutwa Mei 2008. Mwaka mmoja kamili baadaye, mzee akavuja. Na hata kabla ya hapo, mwishoni mwa 2007, NRU ilikuwa imesimamishwa kwa sababu za usalama, uhaba ukatokea, na Bunge la Kanada likapitisha sheria ya dharura ili kiwashwe. Onyo lilikuwa limetolewa waziwazi. Sioni namna ya kuiita ajali.

Vinu vingine viliongeza kazi. Kisha tarehe 19 Februari 2010 Petten nayo ikafungwa kwa miezi, kutengeneza mabomba ya kupozea yaliyoliwa na kutu. Ukarabati huo ulikuwa umepangwa, na haukuweza kuahirishwa tena. Vinu viwili vikubwa kuliko vyote vikawa kimya kwa wakati mmoja. Kinu cha Maria nchini Poland, ambacho hakijawahi kufanya kazi hii, kiliingizwa mapema mwaka huo. Pelindaba iliendelea kuzalisha, na mwishoni mwa 2010 ikasafirisha kwenda Marekani mzigo wa kwanza mkubwa wa kibiashara wa molibdenamu iliyotengenezwa kwa urani isiyoweza kutengenezea bomu. Kwa maoni yangu hilo ni jambo ambalo Waafrika tungelizungumza zaidi.

Hospitalini watu walikuna vichwa. Vipimo vya moyo vilirudishwa kwenye thaliamu-201, dawa ya zamani. Skani za mifupa zilihamishiwa kwenye PET, skani ya aina nyingine isiyotumia teknetiamu, palipokuwa na mashine. Wagonjwa waliitwa usiku na siku za mapumziko, siku jenereta ilipofika. Na kwa tezi mlinzi lilibaki swali: teknetiamu isipokuwepo, tufanye nini?

Jibu la haraka lilikuwa rangi ya bluu peke yake. Ni jibu halali na lina historia yake. Armando Giuliano wa California alichapisha mwaka 1994 upasuaji 174 uliotumia rangi pekee. Tezi mlinzi ilipatikana kwa asilimia 65.5, na ilipopatikana, ilisema kweli kwa asilimia 95.6. Tazama vizuri namba ya kwanza. Alikuwa mwanzoni, na mikono iliyozoea ilifanya vizuri zaidi baadaye. Lakini inaonyesha rangi inakosa nini: haisikiki. Daktari lazima apasue kwanza ndipo aufuate mrija wa bluu kwa macho, ndani ya mafuta, haraka kabla rangi haijapita. Teknetiamu humwambia kabla ya kisu mahali pa kukata, na baada ya kutoa humwambia kama kuna nyingine imebaki. Humwambia pia kama mlinzi hayupo kwapani kabisa. Katika wale wanawake 443, asilimia 8 walikuwa na tezi mlinzi nje ya kwapa. Rangi nayo ina hatari zake: wachache hupata mzio, mara chache mkali kiasi cha kushusha presha ghafla mezani; kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganya kwa muda; na methilini bluu ikichomwa juujuu inaweza kuua ngozi. Mtu wa dawa ya usingizi aambiwe kabla.

Kwa hiyo uamuzi wa siku ile, mama akiwa amefunga tangu usiku na teknetiamu haijaja, una njia tatu. Kuendelea kwa rangi, kama daktari ameizoea rangi peke yake. Kuahirisha kwa siku chache, jambo ambalo kwa saratani ya hatua ya mwanzo halimdhuru, ingawa nauli na hofu ni zake. Au kusafisha kwapa zima. Njia hii ya tatu ndiyo inayonikera, kwa sababu ndiyo ya mazoea na haimgharimu hospitali chochote. Gharama anaondoka nayo mama. Kwa mwanamke ambaye kwapa lake halina dalili, nadhani inapaswa kuwa ya mwisho kabisa, na akiulizwa kabla ya kulazwa, si akiwa tayari kwenye machela.

Huku kwetu uhaba hauna tarehe ya kuisha

Kanada walihesabu miezi. Tanzania, Kenya na Uganda hazina kinu kinachotoa molibdenamu. Vitengo vya tiba ya nyuklia vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hutegemea jenereta zinazokuja kwa ndege. Kinu cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, lakini Kongo haikuwahi kuwa chanzo cha dawa hii kwa majirani. Ndege ikichelewa siku moja, asilimia 22 imeshaondoka. Forodha ikishikilia mzigo mwishoni mwa juma, Ijumaa hadi Jumatatu, zaidi ya nusu imeshaondoka, na ankara haipungui. Wapo marubani na mashirika ya ndege wanaokataa mzigo wenye alama ya mionzi hata ukiwa umefungwa sawasawa; ni tatizo linalojulikana duniani kote.

Nakubali pingamizi moja kubwa. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitalini uvimbe ukiwa mkubwa na tezi za kwapani zikipapasika. Kwa hao hakuna mlinzi wa kutafuta, swali limeshajibiwa. Lakini wanaofika mapema wapo, na kila kampeni ya uchunguzi wa matiti ikifanikiwa wataongezeka. Tukimwambia mwanamke awahi, kisha akawahi, tukamfanyia upasuaji uleule wa aliyechelewa kwa sababu hatukujiandaa, tumemlipa nini kwa kuwahi kwake?

Njia mbadala zimekua tangu wakati ule. Kuna chembe za chuma zinazosikika kwa kifaa cha sumaku, hazifi na zinakaa kabatini. Kuna rangi ya indosianini ya kijani inayong'aa chini ya kamera maalumu. Bei ya vifaa bado ni kubwa. Na kuna wanawake ambao huenda hawahitaji hata tezi moja kutolewa: utafiti wa SOUND ulioongozwa kutoka Italia, uliochapishwa 2023, uliangalia wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na kwapa safi kwenye ultrasaundi, na baada ya miaka mitano walioachwa bila kuguswa kwapa walikuwa sawa na waliotolewa tezi mlinzi. INSEMA ya Ujerumani na Austria ikafuata na matokeo ya mwelekeo huohuo. Ila wengi wa wanawake wale walikuwa na ultrasaundi ya mtu mzoefu na tiba ya mionzi baada ya upasuaji. Pasipo hivyo viwili, kunakili uamuzi wao ni hatari.

Oktoba 2024 kinu cha Petten hakikuwaka kama ilivyopangwa, kwa sababu ya bomba lililokutwa limepoteza umbo, na hospitali za Ulaya zikaingia tena kwenye wiki za uhaba. Hivyo simu ile itapigwa tena, kwao na kwetu: jenereta ya wiki hii haiji. Wakati huo jenereta ya wiki iliyopita bado imo kwenye risasi yake, kwenye kona ya chumba, na mtu anaiona kama taka. Kabla hajampigia mama kumwambia asije kesho, aangalie tarehe yake, aikamue, aipime. Zikitoka mia mbili na kitu, mama aje, na awe wa kwanza kwenye orodha.